Mama wa bidoni, motari na mhami: nani anatumikisha mwili Kiwanja, na nani anahesabiwa namna gani?

Ukitoka Kiwanja kwa barabara ya Nyamilima na ukavuka mpaka wa Ishasha, unaingia katika nchi yenye sifa moja ambayo hata wenyeji wake wengi hawaijui. Mwaka 2018 wataalamu wa OMS, Shirika la Afya Duniani, walitoa katika jarida la Lancet Global Health hesabu ya watu wazima wasiotumikisha mwili vya kutosha katika nchi 168. Nchi yenye watu wachache kabisa wa namna hiyo ilikuwa Uganda: asilimia 5.5. Tanzania haikuwa mbali. Kwa upande mwingine kulikuwa Kuwait, asilimia 67. Dunia nzima kwa jumla ilikuwa asilimia 27.5, na hesabu mpya iliyotoka 2024 ikapandisha namba hiyo mpaka 31.3. Hao ni karibu watu wazima miliari 1.8.

Mtu akisoma haraka atasema: basi, huku kwetu hakuna shida. Wakaaji wa Bwisha wanalima sawa na wale wa Kisoro ao Kanungu, wanatembea sawa, wanabeba sawa. Shida ni ya watu wa gari na ofisi, huko mbali.

Lakini kuna namba ingine kutoka Uganda hiyo hiyo. Ankete ya kitaifa ya 2014, ile ambayo watu waliulizwa maswali na pia wakapimwa tansio, ilikuta kwamba zaidi ya mtu mzima 1 kwa 4 ana tansio ya juu. Na wengi sana kati yao hawakujua hata kidogo. Nchi ya kwanza duniani kwa kutumikisha mwili, na tansio ya kiasi hicho. Ni kweli, tansio inatoka pia kwa chumvi, umri, pombe, uzito wa mwili na mambo ya kurithi, na hatusemi kwamba kulima kunaleta ugonjwa. Tunasema tu kwamba ile alama nzuri ya kwanza haikulinda watu vile tungefikiri. Kwa hiyo tuangalie kwa karibu kile kinachopimwa, juu siku ankete ya namna hii itafika Kiwanja, jibu lake ndilo litaamua nani anapewa msaada gani.

Alama zinahesabiwa hivi

OMS inashauri mtu mzima atumikishe mwili dakika 150 mpaka 300 kwa juma kwa kiasi cha kati, kama kutembea haraka, ao dakika 75 mpaka 150 kwa nguvu nyingi, kama kukimbia. Kwa watoto na vijana ni dakika 60 kila siku, kwa wastani. Ili kujua nani anafika hapo, nchi nyingi zinatumia karatasi moja ya maswali 16 ambayo OMS iliitengeneza mwaka 2002. Inauliza mambo matatu: kazi, pamoja na ile ya nyumbani, safari za miguu na kinga, na michezo ya wakati wa kupumzika. Swali la mwisho ni la muda ambao mtu anapitisha akiwa amekaa ao amejiegemeza.

Kisha dakika zinageuzwa kuwa alama. Dakika moja ya kazi ya kiasi cha kati inapewa 4, na dakika ya kazi ya nguvu inapewa 8. Ukifikisha 600 kwa juma, umepita.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini kila mtu hapa atamtambua huyo mama. Yuko Mabungo, na robine ya karibu haitoi maji. Kila siku anafanya safari mbili, na kila safari anabeba bidoni ya litre 20 kwa dakika 30. Litre 20 ni kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe ao mtoto aliye mgongoni. Karatasi ya OMS inaweka kubeba mizigo mizito upande wa kazi ya nguvu. Kwa hiyo: dakika 60 kwa siku, siku 7, mara 8. Alama 3,360. Mama huyo amepita mara tano na zaidi, na hatujahesabu shamba, kuni, kutwanga wala kufua. Katika rapore ya ankete ataandikwa pamoja na wale wenye kutumikisha mwili sana, yaani kundi ambalo halihitaji kitu.

Sasa mwangalie motari anayengoja wateja ku rond-point. Anapitisha saa kumi akiwa amekaa ku moto. Kama halimi, na kama hachezi mupira siku ya Yenga, anaweza kuanguka chini ya 600. Yeye ndiye ataandikwa kuwa na shida. Na kwa kweli anayo, hatumcheki. Lakini ukiweka hao wawili mbele yako na kuuliza nani amechoka zaidi, nani ana maumivu ya shingo, nani alikula nini asubuhi, hutapata jibu lile lile la karatasi.

Kazi na spoti, mwili haupokei sawasawa

Wazo la kwamba kutumikisha mwili kunalinda moyo lilipata nguvu kwa watu wa kazi. Mwaka 1953, munganga Jerry Morris wa Uingereza alilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva anakaa siku nzima. Konvayeri anapanda na kushuka ngazi za basi lenye gorofa akikatisha tiketi. Madereva walikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi. Ulimwengu wote ulijifunza kitu hapo. Lakini miaka mitatu baadaye Morris mwenyewe alichunguza vipimo vya nguo za kazi walizopewa, na akaona madereva walikuwa na viuno vinene zaidi hata mwanzoni, hata wale vijana. Kumbe makundi mawili yalikuwa tofauti mbele ya kazi kuwatofautisha. Kila mara rapore inaposema kundi hili ni zima kuliko lile juu ya kitu fulani, ni vizuri kukumbuka ile suruali ya dereva.

Mwaka 2021 wachunguzi wa Denmark walitoa kazi kubwa zaidi, ya watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen. Walitenganisha mambo mawili: kutumikisha mwili wakati wa kupumzika, na kutumikisha mwili ku kazi. Wale waliofanya zaidi wakati wa kupumzika walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na kifo. Wale waliofanya zaidi ku kazi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Maelezo wanayotoa mtu wa shamba anaweza kuyafahamu bila kusoma: spoti ni fupi, unaianza ukitaka, unaiacha ukichoka, kisha mwili unarudi. Kazi ya kubeba inachukua saa nyingi, moyo na tansio vinabaki juu muda mrefu, na hakuna ruhusa ya kupumzika kesho. Wataalamu bado wanabishana juu ya hili, kwani wenye kazi nzito ndio pia wenye mishahara midogo na maisha magumu, na si rahisi kutenganisha hayo. Na Denmark si Rutshuru. Huko hata mwenye kazi nzito ana siku za kupumzika na chakula mezani.

Juu ya kubeba maji yenyewe, kuna uchunguzi uliofanyika Ghana, Afrika Kusini na Vietnam, ukatolewa 2018. Uliona kwamba watu waliobeba maji walikuwa na maumivu ya namna ambayo mzigo wa kichwani unaweza kuyaleta, katika shingo, mgongo na mikono. Mama yeyote wa hapa angewaambia bure.

Makundi ya Kiwanja hayako mawili tu

Rapore nyingi zinatenga wanaume na wanawake, kisha zinaishia hapo. Katika hesabu ya dunia ya 2024, wanawake wasiofikisha kiasi walikuwa asilimia 33.8 na wanaume 28.7. Soma hiyo namba ukiwa Kiwanja, utashangaa: wanawake ndio wanatumikisha mwili kidogo? Inawezekana katika mji wenye robine nyumbani. Hapa tofauti kati ya wamama na wababa iko mahali pengine: nani anachagua. Baba akienda kutembea jioni, ni yeye ameamua. Mama akitembea, ni maji, kuni ao soko imeamua.

Na usalama unaingia ndani ya hesabu hiyo. MSF ilisema kwamba mwaka 2023 timu zake katika nchi yetu zilitibu zaidi ya watu 25,000 waliotendewa ubakaji na ukatili wa namna hiyo, wengi wao hapa Kivu ya Kaskazini, na wengi walishambuliwa walipotoka kambini kutafuta kuni ao chakula. Dakika alizotembea mama huyo kwenda kutafuta kuni, karatasi inazihesabu kuwa ni za faida. Hakuna sanduku la kuandika woga.

Kundi la tatu ni wahami. Kiwanja inajua habari hiyo toka zamani: 2008, 2012, na tena tarehe 29 oktoba 2022 wakati M23 iliingia, watu walikimbia, wengine mpaka Kanyaruchinya karibu na Goma, na kambi za huko zikabomolewa mwanzoni mwa 2025. Mkulima aliyetoka Bambo ao Kishishe alikuwa analima kutoka asubuhi. Akifika kwa jamaa inayompokea, ao katika kilasi ya shule, hana shamba. Anakaa. Anangoja. Siku ingine anapata kazi ya kubeba mizigo ku depo, anabeba mpaka mwili unakataa, kisha anakaa tena siku nne. Ukichukua juma moja na kugawa kwa siku saba, unapata wastani mzuri sana wa mtu ambaye kwa kweli hakuna siku hata moja aliyoishi namna hiyo. Karatasi inauliza juu ya juma la kawaida. Mhami hana juma la kawaida.

Halafu mabinti. Mwaka 2020 jarida moja la familia ya Lancet lilionyesha kwamba kati ya wanafunzi wa miaka 11 mpaka 17 duniani, asilimia 85 hivi ya wasichana na 78 ya wavulana hawafikishi dakika 60 kwa siku. Hao ni wanafunzi. Mtoto asiyesoma hayumo. Hapa kwetu, masomo yakiisha, kijana anashika mupira. Dada yake anashika bidoni. Wote wawili wametokwa jasho, na inawezekana yeye ndiye mwenye dakika nyingi. Lakini ule mupira una kucheka ndani, una marafiki, una kujifunza kushindwa bila kupigana. Tungependa mtu aliyezoea kupima afya atuambie anaiweka wapi ile tofauti.

Na watu wenye ulemavu? Ni mwaka 2020 tu ambapo maagizo ya OMS yaliwataja kwa mara ya kwanza kama kundi lenye haki ya shauri lake. Mtu anayesukuma kinga yake ya mikono mu matope ya njia zetu anatumia nguvu ambayo hakuna mstari unaoiuliza vizuri.

Namba moja, masimulizi mawili

Kuna jambo la hesabu ambalo msikilizaji wetu anaweza kulijua, juu watu wa mashirika wanalitumia kila siku, wengine kwa makusudi, wengine bila kujua. Tuseme (ni mfano tu) mu karitie moja watu 4 kwa 100 hawafikishi kiasi, na mu karitie ingine ni 8 kwa 100. Mwenye kutafuta makuta ya projet atasema: shida ni mara mbili pale! Mwenye kukataa atasema: tofauti ni watu 4 tu kwa mia. Mwingine atageuza karatasi: wanaofikisha ni 96 na 92, karibu sawa. Wote watatu hawadanganyi. Kwa hiyo ukisikia "mara mbili", uliza mara mbili ya ngapi. Na ukisikia "tofauti ndogo", uliza ni watu wangapi mu zoni nzima ya afya.

Hapo tunagonga ukuta mwingine. Ili kusema ngapi kwa mia, lazima ujue mia yenyewe. Hesabu ya watu ya mwisho nchini ilifanyika 1984. Toka hapo vita, kuhama na kuzaa vimegeuza Rutshuru yote. Daftari la chefu wa karitie haliandiki kila mhami anayelala ku sebule ya shangazi yake. Mwenye ankete akipita saa nne asubuhi, mkulima yuko shambani. Anayemkuta nyumbani ni mgonjwa, mzee, ao mfanyabiashara wa duka la mbele. Kazi ikiisha, rapore itasema watu wa Kiwanja wanakaa sana.

Wengine watasema teknolojia itamaliza hayo. Mwaka 2017 wachunguzi wa Stanford, Marekani, walitumia simu za watu zaidi ya 700,000 katika nchi 111 kuhesabu hatua. Wastani ulikuwa karibu hatua 5,000 kwa siku. Lakini kitu kizuri zaidi walichokiona si wastani, ni tofauti ndani ya nchi moja: mahali ambapo kuna wanaotembea sana na wasiotembea kabisa, ndipo unene wa hatari ulikuwa mwingi, na sehemu kubwa ya pengo hilo ilitoka kwa wanawake. Hilo ni fundisho kubwa, kwamba pengo linasema zaidi kuliko wastani. Ila fikiri simu hiyo iko kwa nani. Mama wa Buturande anayekwenda shamba anaiacha nyumbani, kama iko, ili isinyang'anywe njiani. Katika hesabu ya simu, siku hiyo hakutembea.

Tena kuna neno. Mwenye ankete akiuliza kwa Kiswahili cha vitabu, "Je, unafanya mazoezi ya mwili?", ao kwa Kiswahili chetu, "Unafanyaka spoti?", mama atajibu kwa moyo safi: "Apana, mie sifanyake spoti, minalimaka tu." Jibu linaandikwa: hapana. Dakika 420 za bidoni zimepotea kwa neno moja. Karatasi ya OMS inataka kila nchi iweke mifano yake yenyewe ndani ya maswali, hata picha: jembe, chukudu, bidoni, mfuko wa makala. Kazi hiyo haiwezi kufanywa Kinshasa wala Geneva. Inafanywa na mtu anayejua kwamba kupalilia maharagi na kuvuna viazi si uchovu mmoja.

Kwa nini tunaiandika sasa

OMS ina mpango wa 2018 mpaka 2030 wa kupunguza kwa asilimia 15 idadi ya watu wasiotumikisha mwili. Mipango ya namna hiyo inashuka pole pole mpaka kwa wizara, kwa zoni za afya, na mwisho inafika ku redio: tunapewa tangazo la kusoma. Tangazo moja, kwa wote: tembeeni, kimbieni, fanyeni spoti. Kwa motari, kwa mwenye duka, kwa mwalimu aliyekaa, kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari ambaye munganga amemuomba atembee, shauri hilo ni zuri na tutalisoma kwa furaha. Kwa mama mwenye alama 3,360 ni kama matusi. Yeye afya yake iko ku robine ya karibu, ku chukudu ya kukodi pamoja na majirani, ku mume na kijana wa kiume wanaopokea bidoni moja kati ya mbili. Na tansio yake ipimwe hata kama si mnene, hata kama "anatumika sana". Ku vituo vya afya mara nyingi mwanamke mwembamba mwenye nguvu haangaliwi upande huo.

Kwa mhami, dawa ya kukaa ni shamba, ao sehemu ya shamba, na njia ya kulifikia bila kupigwa wala kulipishwa. Hakuna mwalimu wa spoti anayeweza kuchukua nafasi ya hiyo. Kwa binti, ni saa moja ya kucheza ambayo hakuna mtu anayemtuma.

Ankete ikifika mu avenue yenu, mwambieni anayeuliza aandike kazi, safari na michezo kila moja mahali pake, asizijumlishe zote mu namba moja. Mwambieni uzito wa mzigo na ni nani aliutuma. Mwambieni kama ni musimu wa kulima ao wa kungoja mavuno, juu mwezi wa tisa na mwezi wa saba si mwili mmoja. Kama anauliza wababa peke yao mbele ya nyumba, mumuombe aingie nyuma, ku jiko. Na mbele hajafunga daftari, mumuulize rapore itarudi lini, na itasomwa kwa luga gani.